Diski Inayokufa Kimya Kimya

Ukipanga kwa RAID 1 diski mbili za NAS yako, kile kisanduku cha kuhifadhi mafaili kwenye mtandao wa nyumbani, kila picha huandikwa mara mbili. Diski moja ikifa, ya pili inaendelea kutoa mafaili kama kawaida, na hapo ndipo hatari inapoanzia: nyumbani hakuna anayeona tofauti. Picha za harusi na za bibi aliyekwisha kufariki zinabaki kuitegemea diski moja tu, ambayo mara nyingi ilinunuliwa siku moja na ile iliyokufa na imezunguka saa zilezile.

NAS nyingi, zikiwemo za Synology, hutuma barua pepe zinapopata hitilafu. Lakini barua hiyo anaiandika mgonjwa mwenyewe. Umeme ukikiunguza kisanduku, au mfumo wake ukiganda, hakuna barua itakayotoka. Ndiyo maana nasisitiza awepo shahidi aliye nje. Wakala wa ufuatiliaji ni programu ndogo inayokaa ndani ya NAS, ikichukua vipimo na kuvifikisha kwa seva iliyo kwenye mashine nyingine. Tuchukue Zabbix, mfumo huria ulioanzishwa na Alexei Vladishev huko Latvia na kutolewa kwa umma mwaka 2001. Kwa nyumba moja, Raspberry Pi inatosha kuwa seva yake.

Wakala huyo asakinishwe wapi? DSM, mfumo endeshi wa Synology, umejengwa juu ya Linux, kwa hiyo kishawishi ni kuingia kwa SSH na kumweka wakala kwenye sehemu ya mfumo. Sikushauri. Sasisho la DSM linaweza kuifuta kazi hiyo yote. Kwa modeli zinazoruhusu kontena, yaani chumba kinachoitenga programu na mfumo, mahali pazuri ni ndani ya Container Manager, programu ya DSM ya kuendesha kontena, faili la usanidi la wakala likiwa kwenye volyumu yako.

Kontena lina tabia moja inayowapoteza wengi. Wakala aliye ndani yake huona kumbukumbu ya mashine nzima, lakini upande wa mafaili anaona kile tu alichofunguliwa. Ukimuuliza nafasi iliyobaki kwenye /volume1 hali hukumwonyesha folda hiyo, atajibu kwamba haipo. Mwonyeshe, tena kwa ruhusa ya kusoma tu. Mtu wa kupima hana haja ya kalamu.

Kazi ya kuzipima diski zenyewe nisingempa wakala huyu. Kwa hizo, DSM tayari ina SNMP, itifaki ya kuuliza hali ya vifaa kupitia mtandao, na seva ileile ya Zabbix inaweza kuiuliza moja kwa moja. Tumia toleo la 3 lenye nenosiri na usimbaji, kwa kuwa toleo la 2c hupitisha siri yake wazi kwenye mtandao. Hali ya RAID huja kama namba: 1 ni salama, 11 ni RAID iliyopungukiwa diski, 12 imeporomoka. Vipimo vya SMART, yaani vile ambavyo diski hujipima afya yenyewe, navyo vinapatikana. Viangalie hasa namba 5, sekta zilizokwisha kuhamishwa, na 197, sekta zinazosubiri uamuzi. Zikianza kupanda kutoka sifuri, mimi nanunua diski wiki hiyohiyo. Zikibaki sifuri, usilale usingizi wa pono: utafiti wa Google wa mwaka 2007, uliohusu diski zaidi ya 100,000, ulikuta zaidi ya nusu ya zilizokufa hazikuwa zimeonyesha hata moja ya dalili nne kuu za SMART.

Zabbix ina njia mbili za mazungumzo. Katika ya kwanza seva humfuata wakala kwenye mlango 10050. Katika ya pili wakala mwenyewe huipelekea seva habari kwenye mlango 10051. Ya pili naipenda zaidi, kwa sababu huhitaji kufungua mlango wowote kwenye NAS. Sharti lake ni kwamba jina lililoandikwa kwenye Hostname lifanane herufi kwa herufi na lile lililosajiliwa kwenye seva. Herufi kubwa moja tu ikikosewa, seva itakataa habari zake zote.

Kengele ya kutega kwanza kabisa ni ya kutokuwepo kwa habari. Zabbix ina kazi iitwayo nodata: mwambie wakala atume agent.ping kila dakika, kisha iambie seva ikupigie kelele dakika tano zikipita bila kitu. Halafu nenda nyuma ya NAS, chomoa waya wa mtandao, tazama saa, na usiurudishe mpaka simu yako ilie.