Kwa nini LUKU inakubonyezesha namba 20

Pesa imekatwa kwenye simu, ujumbe umeingia, na bado nyumba iko gizani. Unasimama kwenye korido ukimulika kwa tochi, unabonyeza tarakimu moja moja kwenye rimoti, na ukifika ya kumi na saba kidole kinateleza. Unaanza upya. Hapo ndipo watu hutuuliza sisi mafundi wa mita: ikiwa simu inaijua mita yangu kwa namba, na TANESCO inaijua, umeme unashindwaje kuingia wenyewe kama salio?

Unashindwa kwa sababu mita nyingi za LUKU hazijaunganishwa na kitu chochote isipokuwa waya wa umeme. Hazina laini ya simu wala intaneti. Kompyuta iliyotengeneza zile namba haijawahi kuwasiliana na mita yako tangu siku ilipofungwa. Wewe ndiye tarishi kati yao, na zile tarakimu 20, yaani tokeni, ni barua yenye lakiri ambayo mita yako peke yake ndiyo inaweza kuifungua.

Utaratibu huu ulianzia Afrika Kusini mwanzoni mwa miaka ya 1990. Shirika la umeme la huko, Eskom, lilikuwa linapeleka umeme kwenye vitongoji ambako nyumba nyingi hazikuwa na anwani ya kupelekea ankara, na mtandao wa simu wa kuunganisha mita haukuwepo. Wahandisi wakatafuta njia ya kuuza umeme kwa mita isiyozungumza na mtu. Walichobuni kikaja kuwa kiwango cha kimataifa, na leo LUKU ya Tanzania Bara, Tukuza ya Zanzibar, tokeni za Kenya, Yaka ya Uganda na Cash Power ya Rwanda zote zinakifuata kiwango hichohicho. Ndiyo maana ndugu yako wa Mombasa naye anabonyeza tarakimu 20 akilalamika vilevile.

Ndani ya barua hiyo mna mambo machache: idadi ya uniti, dakika ambayo tokeni ilitengenezwa, na tarakimu za ukaguzi zinazofichua kosa la kubonyeza. Yote yamefungwa kwa ufunguo wa siri unaotokana, pamoja na mambo mengine, na namba ya mita yako. Tokeni ya jirani haiwezi kufanya kazi kwako hata ukiibonyeza mara mia. Wale vishoka wanaodai wana programu ya kutengeneza uniti wanakuuzia hewa, kwa sababu bila ufunguo huo hakuna namba ya kubahatisha itakayokubalika. Wanachoweza ni kuchezea nyaya, na huo ni wizi ambao ukigundulika utadaiwa wewe uliye ndani ya nyumba.

Katika orodha hiyo hamna shilingi. Mita haijui bei ya umeme, inajua uniti tu. Bei hukokotolewa huko pesa inakopokelewa, kabla tokeni haijatengenezwa. Uniti zilizokwisha kuingia kwenye mita hazipungui bei ikipanda, na anayesema mita yake "imekata kodi usiku" anaisingizia. Mita haina uwezo huo.

Ile dakika ya kutengenezwa ndiyo inayozuia tokeni moja kutumika mara mbili. Mita huweka kumbukumbu ya tokeni zisizopungua 50 za mwisho ilizopokea. Ukirudia mojawapo inaikataa, na ukileta iliyo ya zamani kuliko zote ilizo nazo inaikataa pia. Kwa hiyo ukinunua mara tatu ukasahau kuweka ile ya kwanza, usiitupe. Iweke hata baada ya zile za baadaye. Kwa kawaida itakubali.

Dakika hizo hizo ndizo zilizotusumbua mwaka 2024. Mfumo ulizihesabu kuanzia Januari 1, 1993, na nafasi iliyotengwa ilitosha dakika 16,777,216 tu, yaani karibu miaka 32. Nafasi ilikuwa inajaa Novemba 24, 2024. Baada ya hapo hesabu ingerudi sifuri, na kila mita duniani inayotumia hesabu hiyo ingeiona tokeni mpya kuwa ya zamani na kuikataa. Dawa yake ilikuwa zile tarakimu za ziada ulizotumiwa: makundi mawili ya kubadilisha ufunguo wa mita na kuanzisha hesabu upya kutoka 2014, kisha kundi la tatu lenye umeme wako. Wengi walidhani ni utapeli wakalibonyeza la tatu peke yake, mita ikagoma. Sikuwalaumu, maana maelezo yaliyoambatana na namba hizo yalikuwa mafupi mno kwa jambo geni kama lile. Kama una nyumba iliyofungwa tangu kabla ya hapo, ukirudi tafuta kwanza hizo tarakimu za kubadilisha. Na tokeni ya zamani iliyobaki kwenye simu, ambayo hukuiweka kabla ya mabadiliko, haifai tena, kwa sababu ilifungwa kwa ufunguo uliokwisha ondolewa. Hesabu ya sasa itajaa Novemba 2045.

Sasa tuje kwenye malalamiko makubwa zaidi, yanayohusu uniti na wala si kubonyeza. "Mimi na jirani tumenunua kwa elfu kumi, yeye kapata nyingi, mimi kiduchu." Kwa bei zilizoanza Aprili 2016, mteja wa matumizi ya kawaida analipa shilingi 292 kwa uniti. Juu yake kuna VAT asilimia 18, tozo ya umeme vijijini asilimia 3 na ya EWURA asilimia 1. Jumla uniti moja inamfikia kwa shilingi 356 na senti kidogo, na elfu kumi inampa uniti 28. Mteja wa matumizi madogo analipa shilingi 100 kwa uniti, 122 pamoja na makato hayo, lakini kwa uniti 75 za kwanza za mwezi tu. Shilingi 9,150 inampa zote 75. Akinunua ya 76, bei inaruka hadi 350, yaani 427 pamoja na makato, na elfu kumi ya pili inampa uniti 23 na ushei: pungufu kuliko za yule wa kawaida.

Kumbe imani ya mitaani kwamba ukinunua mwishoni mwa mwezi unapunjwa ina ukweli wake, lakini kwa mteja wa matumizi madogo aliyekwisha fikia uniti zake 75. Kwa mteja wa kawaida bei ni ile ile tarehe 2 na tarehe 29.

Kwake yeye kinachopunguza uniti ni kodi ya jengo. Tangu 2021 inakatwa kupitia LUKU: ilianza kwa shilingi 1,000 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, na mwaka 2023 ikawa 1,500. Inakatwa kwenye manunuzi ya kwanza ya mwezi. Ukiweka elfu kumi, 1,500 inatangulia kutoka, unabaki na 8,500, sawa na uniti karibu 24. Kama hukununua kwa miezi miwili iliyopita, deni lote linasubiri: 4,500 inaondoka na unapata uniti 15. Anayeumia hasa ni yule anayenunua kidogo kidogo. Elfu mbili yake ya kwanza ya mwezi inampa uniti moja na nusu hivi, na anaapa ameibiwa.

Naiona njia hii ya kukusanya kodi kuwa rahisi kwa serikali na si ya haki kwa mpangaji. Kodi ya jengo ni ya mwenye jengo, lakini anayebonyeza namba ni mwenye giza. Ikiwa umepanga, tunza zile jumbe, jumlisha makato mwisho wa mwaka, na mkubaliane na mwenye nyumba ayaondoe kwenye pango. Na kama nyumba moja ina mita tatu na zote zinakatwa, peleka jambo hilo TRA au ofisi ya TANESCO ibaki moja.

Kuhusu rimoti, ushauri ni mfupi. Pale ambapo mita iko juu ya nguzo, aina nyingi za rimoti hutuma namba kupitia nyaya zilezile za nyumba, na umeme ukiisha rimoti hutegemea betri zake. Betri zikiwa zimekufa utaona ubovu ambao haupo. Nunua mpya kabla hujamwita fundi, tena zihifadhi mahali unapoweza kupapasa gizani.

Mita janja zinazopokea uniti moja kwa moja zimeanza kufungwa, na kero ya kubonyeza itapungua. Makato hayatapungua kwa hilo. Itakuwa rahisi zaidi yasionekane, kwa sababu mtu asiyebonyeza namba hata ujumbe hatausoma. Namba 20 zina usumbufu, lakini zina faida moja: mita haihitaji mtandao. Mei 2021 mfumo wa kuuza LUKU ulipokwama kwa siku kadhaa, watu walipanga foleni ofisini kununua umeme; aliyekuwa na tokeni mkononi aliibonyeza, na ikakubali.

Wito wangu kwa TANESCO ni mdogo na hauhitaji mita mpya. Tumeni tarakimu zikiwa zimeachana nne nne, na katika ujumbe huohuo semeni kwa Kiswahili kilichonyooka: umelipa kiasi hiki, kodi ya jengo ya miezi fulani ni hiki, bei ya uniti yako leo ni hii. Na wewe msomaji, kabla hujasema mita inakimbia, rudi kwenye ujumbe wako wa mwisho uusome mpaka chini.