Mikono ya Transfa Unapobadilisha Injini ya Land Rover Kongwe

Land Rover ya Series III ilitengenezwa kati ya mwaka 1971 na 1985, na mkoani Kigoma bado wako wanaoitegemea kushusha mzigo mwaloni na kuupandisha tena. Injini yake inapochoka, wengi huona nafuu kuifungia injini ya dizeli ya Toyota, ambayo vipuri vyake havina shida kupatikana. Hakuna ubaya wowote. Hata MV Liemba, iliyoundwa Ujerumani mwaka 1913, iliondolewa mitambo yake ya mvuke na kufungwa injini za dizeli katika miaka ya 1970, na ikaendelea kulihudumia ziwa.

Malalamiko, hata hivyo, mara nyingi hayahusu injini yenyewe. Huhusu mikono miwili midogo iliyo kando ya mkono wa gia, ambayo mlaji huisahau wakati wa kupatana bei.

Mikono hiyo huongoza sanduku la pili la gia, ambalo mafundi huliita transfa. Mkono wenye kichwa chekundu ukisukumwa mbele kabisa, gari huwa katika mwendo wa kawaida. Ukivutwa nyuma kabisa, huingia katika gia nzito, na magurudumu yote manne hushika yenyewe. Ukiwa katikati, yaani fri, nguvu ya injini haifiki magurudumuni hata kidogo. Mkono wa njano hubonyezwa ili kuunganisha magurudumu ya mbele gari likiwa bado katika mwendo wa kawaida.

Kiwandani, mabano ya mkono mwekundu yalifungwa kwenye nyumba ya klachi. Hapo ndipo tatizo huzaliwa. Injini ngeni ikiunganishwa kwa bamba la adapta, nyumba hiyo huweza kubadilishwa au kuchongwa, na giaboksi nzima huweza kusogea. Mahali pa kufungia bolti hutoweka, na tundu la sakafuni halilingani tena na mkono. Fundi mwenye haraka hukata sakafu, kisha huchomelea mabano kwenye chesisi au kwenye bodi. Kwa macho, kazi huonekana safi.

Lakini injini na giaboksi hukaa juu ya mauntini za mpira, na hucheza kila unapokanyaga au kuachia mafuta. Chesisi haichezi pamoja nazo. Mkono uliofungwa kwenye chesisi hugeuka kuwa mtu anayeivuta transfa bila dereva kujua. Meno hushika nusu, huanza kulika ncha, na siku moja gia huchomoka. Fikiria gari limejaa magunia, linateremka kuelekea ziwani, nalo ghafla likawa fri: injini haisaidii tena kulizuia, na mzigo wote unabaki kwenye breki za miguu. Breki ya mkono ya gari hili iko nyuma ya transfa, kwa hiyo ikiwa nzima itashika hata katika fri. Anayezoea kuegesha kwa kuliacha gari ndani ya gia bila kuvuta breki hiyo ndiye atakayelikuta limeteremka peke yake.

Kwa sababu hiyo, kabla ya kulipa malipo ya awali, mwombe fundi akuoneshe mikono itafungwa wapi. Jibu linalokubalika ni kwamba mabano yatashikwa na giaboksi au transfa yenyewe, ili vyote vitikisike pamoja. Jibu la kwamba “tutaona mbele ya safari” si jibu. Ukiamua kununua injini ya mtumba pamoja na giaboksi na transfa zake, dai pia mikono, mabano, vyuma vya kuunganishia na bushi zake. Vitu hivi huachwa kwenye gari lililochinjwa, na kuvichongesha upya baadaye hugharimu zaidi ya ulivyodhani.

Patano liandikwe. Ukurasa mmoja unatosha, ukitaja kazi ambayo gari litafanya, kwa mfano kubeba dagaa kutoka mwalo wa Kibirizi, na kwamba gia zote za transfa zitaingia na kukaa. Sheria ya Ushindani ya mwaka 2003 humlinda mlaji, lakini kudai haki bila karatasi ni kazi ngumu.

Siku ya kukabidhiwa gari usiridhike na mlio wa injini. Gari likiwa limesimama na klachi imekanyagwa, ingiza gia nzito, kisha tazama kama mkono una nafasi ya kidole kati yake na ukingo wa sakafu. Mkono unaogota kwenye bati haujafika mwisho wa safari yake. Halafu nenda kwenye mchanga au udongo laini. Usijaribu magurudumu manne kwenye lami, kwani transfa hii haina difu ya katikati na propela hujikaza. Panda kilima kifupi ukiwa na mzigo, geuza, teremka, na uachie mafuta ghafla mara kadhaa. Wakati huo wa kuachia mafuta ndio gia mbovu huchomoka. Mkono ukitetemeka sana au ukarudi katikati, liache gari kwa fundi na ubaki na salio la fedha.

Kazi ikikamilika, dai risiti ya mashine ya kielektroniki na uchukue vyuma vyako vya zamani, hasa mabano ya awali. Kisha peleka taarifa ya injini mpya Mamlaka ya Mapato ili namba yake iingizwe kwenye kadi ya gari, ukiwa na hati ya mauzo ya injini hiyo. Muuzaji asiyeweza kukupa hati, usinunue kwake.