Kombe halina haraka

Klabu ikiburura mkia, aghalabu viongozi wake humfuta kocha na kusaka nyota wa bei ghali. Klabu ya Penrith ya magharibi mwa Sydney, inayocheza raga ya wachezaji 13, nayo ilimfuta kocha mwaka wa 2018, ikamrejesha Ivan Cleary, ambaye ilikuwa imemtimua mwenyewe 2015! Mwaka wa 2019 ikamaliza ya kumi.

Lakini kando ya vurugu hizo palikuwa na kazi isiyoandikwa magazetini: kulea vijana. Nathan Cleary, Jarome Luai na Brian To'o walipitia timu za chipukizi za klabu hiyo, wakazoeana kabla ya kuvaa jezi ya wakubwa. Kwa kuwa ligi ya Australia huwekea mishahara kikomo, klabu haiwezi kununua kila nyota inayemtamani. Kuanzia 2021 hadi 2024 vijana hao walitwaa ubingwa mara nne mfululizo. Katika fainali ya 2023 Brisbane waliwaongoza 24-8. Wakajizatiti, wakashinda 26-24.

Mwalimu wa michezo anayedaiwa kombe muhula huu huu na amwonyeshe mwalimu mkuu miaka hiyo.