Baada ya Daieti Kali, Kurudi Mezani

Kila Januari, na tena miezi ya harusi inapokaribia, watu wanaofika kwenye kliniki yangu ya lishe huwa wa aina moja. Hawaji kuuliza waanzeje kupungua, wameshaanza zamani. Mmoja amekata wanga kabisa. Mwingine anakunywa maji ya limau na tangawizi asubuhi, halafu mayai mawili ya kuchemsha jioni, basi. Mwingine anashindia unga wa majani aliouziwa kupitia simu. Wanakuja kwa sababu wamekwama: uzito uliokuwa ukishuka haraka umegoma, nywele zinakatika, usingizi haupo, na wakipita karibu na kikaango cha chapati hawawazi kitu kingine. Karibu wote wanajilaumu. "Mimi sina msimamo," wanasema. Neno hilo linaniuma, kwa sababu mwili wao umefanya kile ambacho mwili wa binadamu yeyote ungefanya, na hakuna aliyewaambia mapema.

Tuanze na kilo zile za mwanzo, zinazotufurahisha sana. Mwili hutunza akiba ya wanga kwenye ini na misuli, inaitwa glaikojeni, gramu 400 hadi 500 hivi kwa mtu mzima. Kila gramu ya akiba hiyo hukaa pamoja na gramu tatu hivi za maji. Ukiacha ugali, wali, viazi na ndizi kwa mpigo, akiba inatumika ndani ya siku chache na maji yake yanatoka kwa mkojo. Kwa hiyo kilo mbili unazozikuta zimepungua mwisho wa wiki ya kwanza ni maji kwa sehemu kubwa. Mafuta ya tumboni bado yapo palepale. Likumbuke hilo, tutalihitaji mbele.

Baada ya hapo mwili unaanza kujihami. Ushahidi wa zamani na wa kina kuhusu jambo hili ulikusanywa na mtaalamu wa fiziolojia Ancel Keys, wa Chuo Kikuu cha Minnesota, Marekani. Novemba 1944, Vita Kuu ya Pili ikielekea ukingoni, alitaka kujua namna ya kuwarudishia afya watu wa Ulaya waliokuwa wakifa njaa. Vijana 36 wenye afya njema, waliokataa kubeba silaha kwa sababu ya dhamiri, walijitolea. Kwa wiki 24 walikula takriban nusu ya chakula walichozoea, huku wakiendelea kutembea kilomita 35 kila wiki. Walipoteza karibu robo ya uzito wao. Lakini kilichoniingia moyoni niliposoma habari zao ni mambo mengine: mapigo ya moyo yalipungua, walihisi baridi hata siku za joto, waligombana kwa vitu vidogo, na mazungumzo yao yote yakawa chakula. Baadhi walianza kukusanya vitabu vya mapishi, wao ambao hawakuwahi kupenda kupika. Jaribio lilipomalizika na wao kuruhusiwa kula watakavyo, wapo waliokula mpaka wakaugua na bado wakasema hawajashiba. Mafuta yalirudi mwilini haraka kuliko misuli.

Nusu ile ya chakula ilikuwa kama kilokalori 1,600 hadi 1,800 kwa siku. Daieti nyingi ninazoletewa zikiwa zimeandikwa kwenye karatasi hazifiki hapo. Ni kweli vijana wale walikuwa wembamba tangu mwanzo, na mtu mwenye uzito mkubwa ana akiba ya kumvusha muda mrefu zaidi. Hata hivyo dalili ni zilezile ninazozisikia mezani kwangu: baridi, hasira, usingizi wa mang'amung'amu, na akili isiyobanduka kwenye chakula.

Leo tunajua zaidi yanayotokea ndani. Mafuta ya mwili hutoa homoni ya leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994 katika maabara ya Jeffrey Friedman jijini New York; kazi yake ni kuuarifu ubongo kwamba akiba ipo. Tumbo nalo hutoa grelini, inayochochea njaa. Ukijinyima sana, leptini inashuka na grelini inapanda. Mwaka 2011 watafiti wa Melbourne, Australia, walichapisha matokeo ya watu waliowekwa kwenye daieti kali kwa wiki kumi. Waliwapima tena baada ya mwaka mzima. Homoni za njaa zilikuwa bado hazijarudi mahali pake, na watu wale walihisi njaa kuliko kabla ya kuanza. Mwaka mzima! Sasa mtu huyo unamwambia nini kuhusu msimamo?

Nilimpata mwalimu mmoja wa shule ya msingi aliyekuwa katika hali hiyo. Alikaa mbele yangu, mkoba magotini, akazungumza kwa sauti ya chini.

"Dokta, mimi wali sijauonja tangu Pasaka. Lakini Ijumaa nilinunua maandazi kituoni, nikala yote sita kwenye daladala, nimegeukia dirishani watu wasinione."

"Saa ngapi hiyo, mwalimu?"

"Saa kumi na moja jioni."

"Na tangu asubuhi ulikuwa umekula nini?"

"Chai ya rangi, bila sukari. Mchana tango."

Yeye alitaka nimpe dawa ya kuua hamu ya saa kumi na moja. Mimi nilimwomba tushughulike na saa kumi na mbili asubuhi. Tulikubaliana kiamshakinywa kiwe kiazi kitamu cha kuchemsha, yai moja na chai ya maziwa, na mchana ale chakula cha shuleni kama walimu wenzake. Kuhusu maandazi sikumwekea katazo lolote, na sikuona haja. Mtu aliyekula asubuhi na mchana anaweza kukaa kwenye daladala na mfuko wa maandazi akala moja, jingine akampelekea mtoto nyumbani.

Hiyo ndiyo hatua ya kwanza ya kutoka kwenye daieti kali, na ndiyo inayotisha kuliko zote: kula kwa saa zinazoeleweka, milo mitatu, kabla ya kufikiria kupunguza chochote. Hapa ndipo yale maji ya mwanzo yanaporudi. Ukirudisha wanga, glaikojeni inajaa tena, na mizani itakuonyesha ongezeko la kilo moja au mbili ndani ya siku chache. Wengi wakiona hivyo wanapata hofu na kukimbilia tena kwenye limau na tangawizi, na mzunguko unaanza upya. Tafadhali usifanye hivyo. Siku chache hazitoshi kutengeneza kilo mbili za mafuta kwa milo ya kawaida. Ninawaomba watu wangu wasipande kwenye mizani kabisa wiki tatu za mwanzo, na kama mizani iko chumbani, waikabidhi kwa ndugu.

Kuhusu chakula chenyewe nina habari njema, na ninaisema kwa furaha: tunacho tayari. Tazama sahani ya mama lishe saa saba mchana. Kuna wali, maharage, mchicha au matembele, kipande cha samaki, na pembeni tikiti au ndizi mbivu. Makundi ya vyakula tunayofundisha kwenye lishe, yaani nafaka na mizizi, jamii ya kunde, vyakula vya asili ya wanyama, mbogamboga, matunda na mafuta, yamo yote kwenye sahani moja ya bei ya kawaida. Kasoro ni vipimo. Wali umejaa kama kichuguu, maharage vijiko viwili, mchicha wa kuonja. Sema tu, "Dada, mboga niongeze, wali punguza." Lengo ni nusu ya sahani iwe mboga na matunda, robo iwe wanga, robo iwe maharage, dagaa, samaki, kuku au mayai. Maharage yana sifa ambayo daieti za kukata wanga huitupa: yana protini na makapi-mlo kwa pamoja, na hayo mawili ndiyo yanayomfanya mtu akae na shibe mpaka jioni.

Nyumbani kuna ugumu wake. Familia nyingi zinakula ugali kutoka sahani moja, na hapo hakuna anayejua amekula kiasi gani. Chota sehemu yako mwanzoni, kadiri ya ngumi yako moja au moja na nusu, uiweke kwenye sahani yako, kisha ule na wenzako. Unga wa dona ni bora kuliko sembe, kwa sababu sembe imekobolewa na sehemu kubwa ya makapi-mlo na virutubishi imebaki mashineni. Mafuta ya kupikia yapimwe kwa kijiko. Kijiko kikubwa kimoja kina kilokalori kama 120, na mkono unaomimina moja kwa moja kutoka kwenye dumu haujui kuhesabu. Soda ndiyo ningeiondoa kwanza kuliko kitu kingine chochote. Chupa ya mililita 300 ina sukari inayokaribia vijiko vidogo vinane, na haishibishi.

Pilau ya harusini? Kula. Kula ukiwa umeketi, taratibu, na mlo unaofuata uwe wa kawaida. Siku ya kufidia kwa njaa ndiyo inayozaa maandazi ya kwenye daladala.

Sasa mazoezi. Wale wanaotoka kwenye daieti kali mara nyingi wanayatumia kama adhabu: nimekula chapati, basi nikimbie. Nimewaona barabarani alfajiri wakikimbia na tumbo tupu, wamejifunga nailoni kiunoni ili watoke jasho. Jasho ni maji, litarudi na glasi ya kwanza utakayokunywa. Na misuli ya tumbo haiyeyushi mafuta yaliyo juu yake kwa sababu tu umeifanyisha kazi. Ningependa watu waache kabisa kuhesabu mazoezi kama malipo ya chakula, kwa sababu anayelipa deni huchoka, na siku asipokula chapati anaona hana sababu ya kutoka nje.

Sababu ya kweli ni kubwa zaidi. Mtu akipungua kwa kujinyima tu, takriban robo ya uzito anaopoteza inaweza kuwa si mafuta, na misuli imo humo. Misuli hutumia sukari ya damu na ndiyo inayotuwezesha kupanda ngazi tukiwa na miaka 70. Kuna somo zito kutoka kwa washiriki wa shindano la televisheni la Marekani, The Biggest Loser. Kevin Hall na wenzake wa taasisi za taifa za afya za nchi hiyo waliwafuatilia 14 kati yao. Walikuwa wamepungua kilo 58 kwa wastani. Miaka sita baadaye, kwenye matokeo yaliyochapishwa 2016, walikuwa wamerudisha kilo 41, na miili yao ikipumzika ilitumia takriban kilokalori 500 pungufu kwa siku kuliko ilivyotarajiwa. Lakini watafiti walipoangalia nani aliweza kubaki amepungua, tofauti haikuwa kwenye ukali wa daieti. Waliobaki chini ni wale walioongeza sana kutembea na kujishughulisha kila siku, mwaka baada ya mwaka.

Shirika la Afya Duniani linashauri dakika 150 hadi 300 za mazoezi ya wastani kwa wiki. Wastani maana yake unaweza kuzungumza lakini huwezi kuimba. Kushuka daladala vituo viwili kabla na kumalizia kwa miguu kunahesabika. Ongeza siku mbili za kujenga misuli: kuketi na kuinuka kwenye kiti bila kushika kitu, kusukuma ukuta kwa mikono, kuinua dumu la maji la lita tano, ambalo ni kilo tano kamili bila ada ya jimu. Vikundi vya jogingi vya mitaani ni msaada mkubwa, mradi wiki za kwanza usikubali kuburutwa na mwendo wa waliokutangulia.

Na usilenge mbali kupita kiasi. Utafiti mkubwa wa kuzuia kisukari uliochapishwa Marekani mwaka 2002, wenye washiriki 3,234 walio hatarini, uliweka lengo la kupunguza asilimia 7 tu ya uzito na kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Kundi hilo lilipunguza hatari ya kupata kisukari kwa asilimia 58. Waliopewa dawa ya metformini walipunguza kwa asilimia 31. Kwa mtu wa kilo 90, asilimia 7 ni kilo sita na kidogo.

Wachache wasianze peke yao. Anayetumia insulini au vidonge vya kisukari vinavyoweza kushusha sukari mno aonane kwanza na daktari wake, kwa sababu chakula na mazoezi vikibadilika, dozi huenda ikahitaji kubadilishwa. Aliyepungua haraka sana na sasa anapata maumivu makali upande wa kulia chini ya mbavu apimwe mawe ya mfuko wa nyongo. Anayekula kisha akajitapisha kwa siri anahitaji mshauri wa afya ya akili pamoja na mtu wa lishe, na apokelewe bila kugombezwa. Wengine wote, pimeni kiuno, shinikizo la damu na sukari mnapoanza, kisha rudieni baada ya miezi mitatu. Kipimo cha HbA1c kinasoma wastani wa sukari ya miezi miwili hadi mitatu iliyopita, kwa hiyo kabla ya hapo hakiwezi kuonyesha kazi yote mliyoifanya.