Gari Limekufa Wiki ya Tatu: Nani Abebe Gharama?

Chini kabisa ya risiti nyingi za Kampala pamechapwa maneno ambayo kila mnunuzi ameyazoea: mali ikishauzwa hairudishwi. Wauzaji wa magari yaliyotumika wanayaamini, na wanunuzi wengi nao wameyakubali. Gari likishatoka kwenye geti la bondi, yaani ghala la forodha, pale Nakawa au kando ya Barabara ya Jinja, huhesabiwa kuwa mzigo wa aliyelinunua, hata likimfia Mukono jioni ileile. Kisheria imani hiyo ni potofu, na imewapotezea watu fedha ambazo wangeweza kuzidai. Potofu vilevile ni imani ya upande wa pili, kwamba gari likiharibika tu baada ya kuuzwa, muuzaji hana budi kulipa. Mahakama hutazama jambo moja kabla ya mengine yote: je, kasoro iliyoliua gari ilikuwemo siku lilipokabidhiwa, au imezaliwa mikononi mwa mnunuzi?

Nchini Uganda jambo hili linatawaliwa na Sheria ya Uuzaji wa Bidhaa na Utoaji wa Huduma ya mwaka 2017. Ilichukua nafasi ya sheria ya enzi za ukoloni iliyofuata nyayo za sheria ya Uingereza ya mwaka 1893. Kenya na Tanzania nazo zina sheria za uuzaji wa bidhaa zilizotoka kwenye shina hilohilo, kwa hiyo mengi ya haya yanamhusu pia msomaji wa Nairobi au Mwanza.

Msingi wa sheria hizi ni kwamba mnunuzi ajihadhari. Hata hivyo msingi huo una mipaka miwili mikubwa. Kwanza, anayeuza magari kama kazi yake anachukuliwa kuwa ameahidi, hata kama hakutamka neno, kwamba gari analouza lina ubora unaokubalika kwa gari la aina ile, umri ule na bei ile. Pili, mnunuzi akimweleza mfanyabiashara huyo kazi anayotaka kulifanyia gari, kisha akategemea ujuzi wake katika kuchagua, gari lazima lifae kwa kazi hiyo. Ukisema wazi kwamba unatafuta gari la kupakia matoke kutoka Mbarara hadi soko la Nakasero, ukapewa gari ambalo giaboksi yake haiwezi kubeba mzigo mlimani, una hoja. Ukinyamaza, hoja hiyo huna.

Jirani anayeuza gari lake mwenyewe ili alipe ada ya shule si mfanyabiashara wa magari, na ahadi hizi za kimyakimya hazimbani. Ila hana ruhusa ya kudanganya. Akisema injini haijawahi kufunguliwa huku akijua ilifunguliwa kwenye gereji ya Katwe mwezi uliopita, Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inamruhusu mnunuzi aliyeshawishika kwa uongo huo kuuvunja mkataba.

Ubora unaokubalika kwa gari lililotumika unapimwaje? Kesi mbili za Mahakama ya Rufaa ya Uingereza, zote za magari ya Jaguar, zinaonyesha mpaka ulipo. Hukumu za huko haziwafungi majaji wa Kampala, lakini kwa kuwa sheria zina asili moja, mawakili huzitegemea kila siku. Katika kesi ya Bartlett ya mwaka 1965, muuzaji alimwambia mnunuzi kwamba klachi ina kasoro, na bei ikapunguzwa kwa sababu hiyo. Wiki chache baadaye fundi alipoifungua, kazi ikawa kubwa na ghali kuliko walivyodhani. Mnunuzi alishindwa. Mahakama ilisema gari lililotumika halitarajiwi kuwa kamilifu; likiwa linatembea na ni salama, kuhitaji matengenezo mapema kuliko ulivyotarajia hakulifanyi kuwa bovu kisheria.

Kesi ya Crowther ya mwaka 1975 ilikwenda upande mwingine. Gari lilikuwa limeshatembea maili zaidi ya 82,000. Mnunuzi aliliendesha kwa wiki tatu, akaongeza maili zaidi ya 2,000, kisha injini ikagoma kabisa. Muuzaji alitegemea safari hizo kama utetezi wake: gari bovu lingefikaje huko kote? Lakini mmiliki wa zamani alieleza kwamba injini ilikuwa imechoka kabisa tangu alipoliuza kwa mfanyabiashara huyo. Mnunuzi akashinda. Kilichomshindisha ni ushahidi kwamba injini ilikuwa mahututi siku ya mauzo. Kufa kwake wiki ya tatu kulidhihirisha tu hali aliyouziwa nayo.

Hapa ndipo fundi mwaminifu anapokuwa na thamani kuliko wakili. Injini huacha alama, na anayejua kuzisoma anaweza kueleza kasoro ni ya lini. Tuchukue mfano wa gari linalochemka. Ukifungua kifuniko cha oili ukakuta utando wenye rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia kwenye oili, mara nyingi kwa sababu gasketi ya silinda hedi imeungua. Alama hiyo peke yake haitaji tarehe. Fundi atazame zaidi: kama ndani ya rediata kuna kutu nzito, kama mifereji ya maji imejaa dawa ya kuziba uvujaji, kama thamostati imeondolewa ili gari lisichemke upesi wakati wa majaribio, hayo hayakutokea ndani ya wiki mbili. Tope jeusi lililoganda chini ya kifuniko cha valvu nalo hujengeka kwa maelfu ya kilomita za kutobadilisha oili. Dalili za namna hii zinaelekeza kidole nyuma ya siku ya mauzo.

Alama nyingine zinaelekeza kwa mnunuzi. Magari mengi ya Toyota yanayopendwa Kampala yana giaboksi ya CVT, ambayo hutaka oili yake maalumu. Mnunuzi akienda kwa fundi wa kando ya barabara akamwekewa oili ya giaboksi ya kawaida ya otomatiki, kisha giaboksi ikaanza kuteleza, muuzaji hana deni. Vivyo hivyo kwa aliyeona taa nyekundu ya oili ikiwaka akaendelea na safari hadi Entebbe, au aliyeacha rediata ikauke.

Kati ya makundi hayo mawili kuna uongo mmoja unaoharibu magari kimyakimya: kurudisha nyuma mita ya kilomita. Injini nyingi zinazotumia mkanda wa taiming zimepangiwa kubadilishwa mkanda huo kwenye kilomita 100,000 hivi. Gari lililotembea 140,000 likionyesha 65,000, mnunuzi atajiona ana muda wa kutosha, na mkanda utakatika barabarani. Kwenye injini ambazo pistoni na valvu hugongana mkanda ukikatika, injini huharibika vibaya. Magari mengi yanayotoka Japani huwa yameuzwa mnadani, na karatasi ya mnada hutaja kilomita pamoja na daraja la hali ya gari, herufi R ikiwa ishara kwamba lilitengenezwa baada ya ajali. Dai karatasi hiyo kabla hujalipa. Ikikataliwa, uliza sababu, kisha mwambie muuzaji aandike kilomita kwenye mkataba kwa mkono wake.

Kwa kasoro zinazoonekana, sheria inakubaliana na wahenga: mwenye macho haambiwi tazama. Ukilikagua gari ukapita tairi lililopasuka au bodi iliyoliwa na kutu, huwezi kuilalamikia baadaye kasoro ambayo ukaguzi ule ulipaswa kuifichua. Muuzaji akikutajia kasoro fulani ukakubali, hiyo umeinunua. Kasoro iliyofichika ndani ya mtambo, ambayo mtu wa kawaida asingeiona kwa kuwasha gari na kuzunguka mtaa, inabaki mabegani mwa mfanyabiashara.

Sasa turudi kwenye yale maneno ya risiti. Mwaka 1940 mahakama ya Uingereza iliamua kesi ya mtu mmoja, Chapelton, aliyekodi kiti cha turubai ufukweni mwa Barry, Wales. Kiti kilichanika akaumia. Halmashauri iliyokikodisha ilijitetea kwa maandishi ya kwenye tiketi yaliyosema haitawajibika. Mahakama ilisema tiketi ile ilikuwa risiti tu ya kuthibitisha malipo, na hakuna mtu ambaye angetazamia kukuta humo masharti ya mkataba. Kanuni inayotokana na kesi za aina hiyo ni rahisi: sharti la kujivua wajibu lazima mnunuzi ajulishwe kabla ya makubaliano kukamilika au wakati yanapokamilika. Risiti unayopewa baada ya kuhesabu fedha imechelewa. Hali hubadilika kama sharti hilo limo kwenye mkataba ulioutia sahihi, ukikubali kulichukua gari kama lilivyo. Hapo umejifunga vizuri, isipokuwa kama muuzaji alikudanganya. Soma kabla ya kusaini, na kama hupendi sharti, lifutwe mbele yenu na wote mtie sahihi pembeni.

Kuuandika mkataba wenyewe si hiari. Sheria ya Mikataba ya mwaka 2010 inataka mkataba wenye thamani inayozidi pointi 25 za sarafu uwe wa maandishi, na pointi moja ni shilingi 20,000. Kwa hesabu hiyo, chochote kinachozidi shilingi 500,000 kinahitaji karatasi, na hata pikipiki ya boda boda iliyochoka imo humo.

Karatasi hiyo itaje muuzaji ni nani hasa. Magari yaliyomo kwenye bondi moja huweza kuwa ya wafanyabiashara mbalimbali. Aliyekupokea getini anaweza kuwa dalali, aliyepokea fedha akawa mwingine, na mwenye gari akawa wa tatu. Mambo yakiharibika kila mmoja atamtaja mwenzake. Jina la anayeuza, namba ya kitambulisho au ya usajili wa kampuni, namba ya chasisi na kilomita viandikwe kabla fedha hazijatoka. Wala usikubali cheti cha ukaguzi kabla ya kusafirishwa, kile kinachodaiwa na Shirika la Viwango la Uganda, kitumike kama dhamana ya injini. Kinaeleza kwamba gari lilikidhi viwango siku lilipokaguliwa ng'ambo; hakikuahidi chochote kuhusu miezi iliyofuata baharini na juani.

Gari likikufia, saa za kwanza ndizo zenye uzito. Lisimamishe. Piga picha za mita, taa za dashibodi na mahali panapovuja. Mwandikie muuzaji siku hiyohiyo, na ujumbe wa WhatsApp unatosha, kwa kuwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2011 inazitambua taarifa za kielektroniki kama ushahidi. Mwalike aje kuliona kabla injini haijafunguliwa. Kosa linaloua madai mengi ni kulikimbiza gari kwa fundi, injini ikafunguliwa, spea za zamani zikatupwa, nyingine zikanunuliwa soko la Kisekka, kisha ndipo muuzaji akapigiwa simu. Kufikia hapo kilichokuwa ndani hakuna awezaye kukithibitisha. Hifadhi kila kipande kilichotolewa, na fundi aandike ripoti yenye jina, tarehe na sababu.

Kuwahi kuna faida nyingine. Mnunuzi ana haki ya kulikataa gari na kurudishiwa fedha, lakini haki hiyo hupotea akishalipokea na kulitumia kupita muda wa kutosha kulikagua. Katika kesi ya Bernstein ya mwaka 1987, Nissan mpya ilikufa baada ya wiki tatu na maili 140 hivi. Mahakama ilikiri kwamba gari lilikuwa bovu, lakini ikasema muda wa kulirudisha umepita, ikampa mnunuzi fidia tu. Usikae mwezi mzima ukisubiri fundi wa muuzaji aliyeahidi kuja kesho.

Muuzaji akikataa kulipa, wengi hukata tamaa wakidhani kesi ni ya matajiri. Uganda ina utaratibu wa madai madogo, chini ya kanuni za mwaka 2011, kwa madai yasiyozidi shilingi milioni 10. Unaanza kwa barua ya madai inayompa mdaiwa siku 14, kisha unafika mahakamani bila wakili. Gharama ya kufufua injini au giaboksi mara nyingi inaingia humo. Dai likizidi hapo, Hakimu wa Daraja la Kwanza anasikiliza hadi shilingi milioni 20, na Hakimu Mkuu hadi milioni 50. Muda wa kudai chini ya mkataba ni miaka 6, ingawa ushahidi wa injini hautakusubiri miaka hiyo.

Wauzaji nao nina neno nao, kwa sababu wengi ni watu wa haki wanaobeba lawama za wachache. Fungueni kifuniko cha oili mbele ya mteja, mpeni karatasi ya mnada, orodhesheni kasoro zinazojulikana, mwacheni aje na fundi wake. Muuzaji wa ile Jaguar ya mwaka 1965 alinusurika kwa sababu alisema ukweli kuhusu klachi kabla ya kupokea fedha. Kasoro iliyotajwa na kupunguziwa bei haimrudii muuzaji. Iliyofichwa inaweza kumfikisha mahakamani pamoja na fidia juu yake. Na Bunge litakalotunga sheria ya kuwalazimisha wafanyabiashara wa magari kutoa dhamana fupi ya maandishi kwa injini na giaboksi, hata ya siku 30 tu, litakuwa limemwondolea mnunuzi wa kipato cha kawaida mzigo mzito kuliko yote anaoubeba leo: kulazimika kuthibitisha, kwa fedha zake, kilichokuwa kimefichwa ndani ya chuma.