Kuona moyo ukipiga, pande zake zote

Wasomaji wetu, wengi wenu mulikwisha kubeba ile bahasha kubwa ya radio chini ya kwapa, kutoka lopitali moja hata ingine. Munganga anaiinua kwenye mwangaza, anafinya macho, anasema: "Tutaona." Haiko ujinga wake. Mtu ni mnene, picha ni bapa; mbavu, mapafu, moyo, vyote vimelala moja juu ya kingine. Tena moyo haukai kimya, na picha haitembei.

Skanere, iliyopiga kichwa cha mgonjwa wa kwanza kule London mwaka 1971, ilileta nusu ya jibu: inakata mwili vipande vipande sawa na mkate. (Hesabu zake, tuseme kwa furaha, Allan Cormack alianza kuzitafuta hapa Afrika, juu ya kazi yake ndani ya lopitali Groote Schuur, Cape Town.) Lakini nani ataweza kushika vipande mia moja kichwani na kuvijenga tena kuwa moyo?

Kwenye mwanzo wa miaka ya 1980, Mayo Clinic ya Marekani ilikuwa na masini kubwa sana, yenye mirija 14 ya miali, inayozunguka mwili na kukamata moyo mara 60 kwa sekunde. Na ili kuonyesha vipande vya namna ile, watafiti walikuwa na ufundi uliotuchekesha sisi wenyewe: bafle ya muziki, imefunikwa na plastiki nyembamba yenye kung'aa kama kioo. Bafle inatikisa kile kioo mara 30 kwa sekunde. Kinavimba, kinabonyea, na picha ya skrini inayoonekana ndani yake inasogea karibu na mbali. Ordinateri inatoa kila kipande kwa wakati wake kabisa. Jicho halina mbio za kuvitenganisha: linaona moyo mzima, unaning'inia hewani, na ukisogeza kichwa unaona ubavu wake.

Kwa munganga wa kupasua, hiyo haiko mchezo. Tundu katika moyo wa mtoto liko upande gani? Heri kujua mbele ya kushika kisu.

Kasoro ni kwamba ile picha ilipitisha mwangaza sawa na mzuka. Mbele haikufunika nyuma. Leo ekografi inaonyesha mlango wa moyo ukifunguka na kufungika, na kina chake, lakini tena juu ya skrini bapa. Kwa hiyo wengine wanavalisha munganga miwani mizito ya ordinateri. Bafle haikuomba miwani.