Unafuga panya? Usizalishe kama huna pa kuwapeleka!

JAMANI, hapa Kizwite ukitaka kuwavunja watu mbavu, waambie unafuga panya. Siyo sungura, siyo njiwa, panya! Mshikaji wako atacheka, jirani ataguna, na mtu mzima atakuangalia kuanzia utosini mpaka kwenye kandambili. Mji wenyewe ndio huu Sumbawanga, ambao wazee wanasema maana ya jina lake ni "tupa uchawi". Sasa wewe una kiumbe chenye mkia mrefu na macho mekundu kwenye chumba cha kupanga, unategemea watasema nini?

Hata hivyo wanaofuga wapo, na mimi ni mmoja wao. Ninao wawili weupe, wote madume, Chapati na Sajenti. Kila kijana anayekuja gheto akishawazoea huuliza maswali mawili. La kwanza, "Wanang'ata?" La pili, "Utanizalishia lini na mimi?" La kwanza ni rahisi: panya aliyezoeshwa mkono tangu mdogo hang'ati hovyo. La pili ndilo lenye soo, na ndilo nataka tulizungumze wiki hii.

Siyo kila panya ni wa kufugwa

Kwanza tuelewane. Simzungumzii yule anayekutafunia viatu usiku. Huyo, pamoja na panya wa shambani, muache huko huko. Usiokote vitoto vyake ukasema utavilea. Viroboto wa panya wa porini ndio wanaoleta tauni, na huo siyo ugonjwa wa kwenye hadithi. Wilayani Lushoto, kuanzia mwaka 1980 hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, watu zaidi ya 7,000 waliugua tauni na mamia walikufa.

Panya buku naye, yule mkubwa kama paka mdogo, si wa kuweka uvunguni. Waulize Wamarekani. Mwaka 2003 shehena ya wanyama wadogo kutoka Ghana, panya buku wakiwemo, iliingia Marekani kwa biashara ya wanyama wa kufuga ndani. Ikaja na virusi vya ndui ya nyani, watu kadhaa wakaugua, na serikali yao ikapiga marufuku kuingiza panya kutoka Afrika. Huko huko, kwenye kisiwa cha Grassy Key, Florida, panya buku wachache walimtoroka mfugaji miaka ya mwisho ya 1990. Wakazaliana porini, na serikali ikahangaika miaka na miaka kuwatega.

Wa kufugwa ni panya mweupe au wa madoa, aliyezaliwa kizimbani kutoka kwa wazazi waliozaliwa kizimbani. Mtu akikuuzia na hajui mama yake ni yupi, achana naye.

Somo kutoka Morogoro

Kama unadhani kufuga panya ni ujinga wa vijana wasio na kazi, nenda Morogoro. Pale Chuo Kikuu cha Kilimo cha Sokoine, tangu mwaka 2000, shirika la APOPO linazalisha na kufundisha panya buku kunusa mabomu ya kutegwa ardhini na vijidudu vya kifua kikuu kwenye makohozi. Mwanzilishi wake, Bart Weetjens wa Ubelgiji, alikuwa akifuga panya tangu akiwa mtoto.

Mmoja wa panya hao, Magawa, alizaliwa Morogoro mwaka 2013, akapelekwa Kambodia, akafichua mabomu ya ardhini na mengine zaidi ya 100. Mwaka 2020 Waingereza wakamvisha medali ya dhahabu. Alikufa Januari 2022, akiwa mstaafu anayekula ndizi zake bila bughudha.

Kilichonivutia zaidi ni matunzo yenyewe. Kila panya ana jina. Anashikwa na binadamu tangu mdogo ili asiogope. Akifanya kazi juani anapakwa mafuta ya kukinga jua masikioni. Akizeeka hatupwi. Na hakuna anayezaliwa kwa bahati mbaya. Kila anayezaliwa ana mahali pa kwenda. Hapo ndipo sisi wa mitaani tunapochemsha.

Piga hesabu na mimi

Jike hubeba mimba siku 22 hivi. Tuseme anazaa kumi. Ndani ya siku moja baada ya kuzaa anaweza kushika mimba nyingine, huku ananyonyesha! Akiachwa na dume, baada ya miezi mitatu kashazaa mara tatu: thelathini hao. Wakati huo mabinti watano wa mzao wa kwanza nao wameshazaa, maana panya anaanza kupevuka akiwa na wiki tano tu. Kila binti akileta wanane, ni arobaini. Jumlisha na wazazi wawili wa mwanzo, unao sabini na wawili kwenye chumba cha futi kumi kwa kumi. Mwenye nyumba atakuvumilia kweli?

Wengi wakifika hapo hufungua mlango usiku na kuwaachia. Ndugu yangu, huo ni unyama, na tena ni uadui kwa majirani. Panya aliyezoea kuletewa chakula ataishia mdomoni mwa paka au atakufa kwa sumu. Atakayepona ataingia kwenye kihenge cha mtu. Hapa Ufipa mahindi ndiyo ada ya shule, ndiyo mbolea ya mwakani, ndiyo ugali wenyewe. Mkulima tayari anapambana na panya wa shambani, halafu wewe wa mjini unamwongezea jeshi?

Kwa hiyo kanuni ni hii: fuga wawili wa jinsia moja. Panya hapendi upweke, akiwa peke yake ananyong'onyea, lakini mwenzake si lazima awe mchumba. Ukiamua kuzalisha, panga watu wa kuwachukua kabla hujamkutanisha jike na dume. Dume mtoe kabla jike hajazaa. Vitoto vikifika wiki nne hadi tano, tenga madume na majike, maana dada na mama hawaheshimiwi humo. Na atakayekosa wa kumchukua ni wako mpaka afe, yaani miaka miwili hadi mitatu.

Matunzo ya kila siku

Kizimba kiwe cha wavu wa chuma. Mbao atazitafuna, kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Chini weka karatasi au vitambaa vya pamba. Maranda ya paini yanapatikana bure kwa mafundi seremala, lakini harufu yake inaharibu mapafu ya panya, na panya wengi hufa kwa kifua. Mji wetu uko karibu meta 1,800 juu ya usawa wa bahari, na baridi ya Juni na Julai mnaijua. Kizimba kisikae mlangoni, na panya wapewe matambara ya kujifukia.

Chakula siyo mahindi peke yake. Changanya nafaka, maharage yaliyoiva, mboga za majani na dagaa wa Kirando waliooshwa vizuri. Maji safi kila siku. Kumbuka panya hana uwezo wa kutapika, kwa hiyo kilichooza usimpe, na sumu ya panya isiingie chumbani kwako kabisa.

Ukiona machozi mekundu usikimbie ukipiga kelele kwamba analia damu. Ni rangi inayotoka kwenye tezi za macho, na ikizidi ujue anaumwa au ana hofu. Mpeleke kwa daktari wa mifugo. Wewe nawa kwa sabuni kila ukimshika, watoto wadogo wasiachwe naye peke yao, na uking'atwa osha kidonda uende hospitali.

Majirani waambie mapema

La mwisho ni la kwetu kabisa. Usifuge kwa kificho. Mkoani kwetu watu wamewahi kudhuriwa kwa tuhuma za uchawi, hilo si la kutania. Mimi kabla ya kuleta kizimba nilikwenda kwa mama mwenye nyumba.

"Shikamoo mama. Nataka kufuga panya wawili weupe, naomba uje uwaone."

"Marahaba mwanangu. Wanatembea usiku?"

"Hapana mama, wanafungiwa."

"Wakiwa watatu, wewe na wao mtahama."

Mpaka leo anakuja kuwahesabu kila Jumapili akitoka kanisani. Hajawahi kukuta zaidi ya wawili.